Zawadi za mwaliko katika miradi ya sarafu za kidijitali

Zawadi za mwaliko (pia: kamisheni za kuunganisha watu) ni malipo ambayo mradi wa sarafu za kidijitali humpa mshiriki wake kila anapomleta mtu mwingine kujiunga. Malipo hayo huweza kuwa fedha taslimu, sarafu ya mradi wenyewe, punguzo la ada au haki ya kupata zaidi siku za mbele. Ni mbinu ya kutafuta wateja: badala ya kununua matangazo redioni au kwenye mabango, mradi huwalipa watu wa kawaida ili wautangaze kwa ndugu, majirani na marafiki zao.

Mbinu hii yenyewe si kosa wala si utapeli. Hutumiwa na masoko halali ya sarafu, na pia na michezo ya piramidi inayovaa jina la sarafu ili ionekane mpya. Tofauti kati ya pande hizo mbili haionekani katika ukubwa wa zawadi wala uzuri wa programu ya simu. Iko katika jibu la swali moja: fedha inayolipwa kama zawadi imetoka wapi?

Nchini Tanzania jambo hili huonekana wazi katika maeneo ya biashara ndogondogo, kama vile kata za Kariakoo na Mchafukoge jijini Dar es Salaam, ambako kulipana kwa kuleta mteja ni desturi ya siku nyingi.

## Istilahi

Kila mshiriki hupewa kiungo cha mwaliko au namba ya mwaliko. Anayetuma kiungo huitwa mwalikaji, na anayejiunga kwa kukitumia huitwa mwalikwa. Katika lugha ya mitaani mwalikaji husema amemweka mtu "chini yake", na wote walio chini yake huitwa "timu" au "daunlaini". Mwaliko wenyewe mara nyingi huitwa "fursa".

Neno upatu huleta mkanganyiko, kwa kuwa lina maana mbili zinazopingana. Upatu wa asili, unaoitwa pia *mchezo*, ni watu wanaojuana, tuseme kumi, wanaochanga kiasi kilekile kila wiki au kila mwezi na kumpa mmoja wao kwa zamu. Mzunguko unapokwisha, kila mmoja amechanga na kupokea kiasi sawa. Hakuna faida wala hasara, na hakuna haja ya mtu mpya. Upatu unaotajwa mahakamani na katika matangazo ya serikali ni kitu kingine: mpango wa piramidi, ambamo wa mwanzo hulipwa kwa fedha za wanaofuata. Waendeshaji wa mipango hiyo hufaidika na mkanganyiko huu, kwa sababu mtu aliyezoea mchezo wa mtaani hudhani kwamba anaingia katika jambo analolijua.

## Chimbuko

Kumlipa mtu kwa kuleta mteja ni desturi ya kale katika biashara. Madalali wa nyumba na viwanja huishi kwa njia hiyo. Katika biashara za intaneti mbinu hii ilipata sifa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati kampuni ya PayPal ya Marekani ilipowalipa dola kadhaa wateja wapya pamoja na waliowaleta. Baadaye Dropbox, kampuni ya kuhifadhi mafaili, iliwapa mwalikaji na mwalikwa nafasi ya ziada ya kuhifadhi badala ya fedha. Kampuni hizo zote mbili zilikuwa na huduma ambayo watu waliitaka hata bila zawadi.

Sarafu ya Bitcoin, iliyoanza mwaka 2009, haikuwa na kampuni wala zawadi za mwaliko. Miradi iliyofuata ilikuwa na tatizo jingine: sarafu mpya haina thamani mpaka wapatikane watu wanaoitaka. Kwa hiyo kupata watu wengi kwa haraka kukawa ndiyo kazi ya kwanza ya kila mradi. Tena mradi ulikuwa na kitu ambacho PayPal haikuwa nacho: uwezo wa kujitengenezea sarafu yake wenyewe na kuigawa kama zawadi bila kutoa hata senti moja mfukoni.

## Aina za zawadi

Mgawo wa ada. Soko la sarafu hutoza ada ndogo kila mtu anaponunua au kuuza. Mwalikaji hupewa sehemu ya ada inayolipwa na mwalikwa wake. Asiponunua wala kuuza, hakuna zawadi.

Zawadi ya mara moja. Mwalikaji na mwalikwa hupewa kiasi fulani baada ya mwalikwa kujisajili, kuthibitisha kitambulisho chake na, mara nyingi, kufanya muamala wa kwanza.

Tokeni za bure. Mradi hugawa sarafu yake kwa watumiaji wa mwanzo na kuwaongezea wanaoleta wengine. Michezo ya simu iliyoenea kupitia Telegram mwaka 2024, kama Notcoin na Hamster Kombat, ilitumia njia hii: mchezaji aligusa kioo cha simu kukusanya pointi, na kualika marafiki kulimwongezea pointi zaidi.

Kuongezewa kasi. Katika Pi Network, iliyoanza tarehe 14 Machi 2019, mtu hujiunga kwa namba ya mwaliko ya mwenzake, kisha hubonyeza kitufe kila siku ili "kuchimba". Kila anayemwalika humwongezea kasi ya kupata sarafu. Haikutoza fedha ya kujiunga, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuenea kwake Afrika Mashariki.

Kamisheni ya ngazi nyingi. Mwalikaji hulipwa kwa aliyemleta, kwa walioletwa na huyo, na kwa walioletwa na hao tena, ngazi baada ya ngazi. Aina hii ndiyo iliyo karibu zaidi na piramidi, hasa kiwango cha malipo kinapotegemea fedha aliyoingiza mwalikwa wala si huduma aliyoitumia.

## Chanzo cha fedha za zawadi

Kuna vyanzo vinne tu ambavyo zawadi ya mwaliko inaweza kutoka.

Cha kwanza ni mapato ya huduma, kama ada za soko la sarafu. Zawadi hizi zinaweza kuendelea kwa muda mrefu, lakini huwa ndogo.

Cha pili ni mtaji wa wawekezaji wa kampuni. Kampuni hutumia fedha zake kutafuta wateja kama ambavyo ingezitumia kulipia matangazo. Zawadi hizi huwa na mwisho: zikifikia kiasi kilichopangwa, hupunguzwa au huondolewa.

Cha tatu ni sarafu iliyotengenezwa na mradi wenyewe. Hapa mwalikaji hajalipwa fedha bado. Amelipwa kitu kitakachokuwa fedha ikiwa tu atapatikana mtu wa kukinunua. Siku sarafu inapoingia sokoni, maelfu ya watu waliopewa bure hutaka kuuza kwa wakati mmoja, na bei hushuka. Sarafu ya Pi iliruhusiwa kuuzwa nje ya mtandao wake tarehe 20 Februari 2025. Ilikaribia dola 3 ndani ya wiki ya kwanza, na haikuchukua muda mrefu ikawa chini ya dola 1.

Cha nne ni fedha za wanaojiunga. Hapo ndipo mwaliko unapogeuka piramidi.

Mfano wa kufikirika unaonyesha namna chanzo hiki kinavyokauka. Tuseme mradi unapokea shilingi 100,000 kwa kila mwanachama. Unamlipa mwalikaji asilimia 10, aliye juu yake asilimia 5, na aliye juu zaidi asilimia 3. Jumla ni shilingi 18,000, kwa hiyo zinabaki 82,000. Mradi huohuo umemwahidi mwanachama "faida" ya asilimia 1 kwa siku, yaani shilingi 1,000. Kama hakuna biashara yoyote nyuma yake, zile 82,000 zitamlipa kwa siku 82 basi. Siku ya 83 bado hata fedha yake mwenyewe haijarudi yote, wala hakuna cha kumlipa. Ili aendelee kulipwa lazima aje mtu mpya. Lakini mtu huyo mpya naye anadai shilingi 1,000 kwa siku, kwa hiyo fedha yake inawalipa wawili na kwisha baada ya siku 41. Kila malipo yanavyoendelea, ndivyo watu wapya wanavyohitajika kwa wingi na kwa haraka zaidi.

Mfano huu unaeleza pia kwa nini washiriki wa mwanzo husema kwa dhati kwamba wamelipwa. Kweli wamelipwa. Ushahidi wa muamala wanaouonyesha kwenye simu si wa kughushi. Unathibitisha kwamba mradi ulikuwa na fedha siku hiyo, lakini hauonyeshi fedha hiyo ilikuwa ya nani.

## Hesabu ya ngazi

Katika semina za kuvutia wanachama huelezwa kwamba kila mtu anahitaji kuleta watu watano tu. Watano huonekana wachache. Hesabu yake, ikianza na mtu mmoja, ni hii:

- Ngazi ya 1: watu 5
- Ngazi ya 2: watu 25
- Ngazi ya 3: watu 125
- Ngazi ya 4: watu 625
- Ngazi ya 5: watu 3,125
- Ngazi ya 6: watu 15,625
- Ngazi ya 7: watu 78,125
- Ngazi ya 8: watu 390,625
- Ngazi ya 9: watu 1,953,125
- Ngazi ya 10: watu 9,765,625
- Ngazi ya 11: watu 48,828,125

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ngazi ya kumi peke yake ingehitaji watu wanaokaribia mara mbili ya idadi hiyo. Ukijumlisha wote kuanzia mtu wa kwanza hadi ngazi ya kumi na moja, unapata 61,035,156. Sensa hiyohiyo ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania nzima, wakiwemo watoto wachanga. Kwa maneno mengine, baada ya ngazi kumi na moja karibu hakuna Mtanzania aliyebaki wa kualikwa.

Jambo la pili ni muhimu kuliko la kwanza. Mpango ukisimama katika ngazi yoyote, watu wa ngazi ya mwisho huwa takriban wanne katika kila watano wa mpango mzima. Hao wametoa fedha na hawana mtu chini yao. Haitegemei bidii yao, wala werevu wao, wala kama msimamizi ni mwaminifu. Hata mpango ukiendeshwa na watu wasioiba senti moja, hesabu itawaangusha walewale wanne.

## Mazingira ya Kariakoo na Mchafukoge

Kariakoo na Mchafukoge ni kata zilizo katika eneo la Ilala, katikati ya Dar es Salaam. Kariakoo ni soko kubwa la jumla na rejareja, linalohudumia wafanyabiashara wa mikoani na wa nchi jirani. Mchafukoge iko kati yake na kitovu cha jiji, ikiwa na maduka, ofisi na makazi ya ghorofa.

Katika mitaa hii yupo winga. Winga hana duka. Humpokea mteja barabarani, humpeleka kwenye duka lenye bidhaa anayoitaka, na hupata "cha juu", yaani tofauti kati ya bei ya mwenye duka na bei aliyolipa mteja, au hupewa kitu kidogo na mwenye duka. Mawakala wa fedha kwa simu nao huishi kwa kamisheni ya kila muamala. Kwa hiyo mtu wa soko akiambiwa "lete mtu ulipwe", hasikii jambo geni.

Tofauti inahitaji kuangaliwa kwa makini. Winga hulipwa baada ya shati kuuzwa. Mteja ameondoka na shati, mwenye duka amepata fedha yake, na winga amepata cha juu. Kesho mteja akikosekana, winga atakosa riziki ya siku hiyo, lakini hakuna anayemdai. Katika piramidi hakuna shati. Kilichouzwa ni haki ya kumleta mteja mwingine, na aliyeinunua hawezi kupata chochote mpaka naye aiuze. Angekuwa winga anayelipia ili awe winga, kisha anatafuta watu wa kulipia ili nao wawe mawinga, huku maduka yote yakiwa yamefungwa.

Mambo mengine yanayoipa nguvu mbinu hii mjini ni simu za mkononi zenye huduma za fedha, magrupu ya WhatsApp ya kabila, kanisa, msikiti, shule au kamati ya harusi, na uchache wa kazi kwa vijana waliosoma. Anayealika hahitaji kueleza teknolojia. Mwalikwa huamini kwa sababu anamjua anayemwambia. Imani hiyo ndiyo bidhaa ambayo mradi unainunua kwa zawadi ya mwaliko, na kwa kawaida huipata kwa bei ndogo sana.

## Mifano ya Afrika Mashariki

### DECI

Kabla ya sarafu za kidijitali kufahamika, Tanzania ilipata somo lake kwa DECI, taasisi iliyokuwa na makao Dar es Salaam na kuongozwa na wachungaji. Wanachama "walipanda mbegu" za fedha na kuahidiwa "kuvuna" zaidi baada ya muda. Mwaka 2009 serikali ilisimamisha shughuli zake, na viongozi wake wakafikishwa katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu kwa mashtaka ya kuendesha upatu na kupokea amana za umma bila leseni. Mwaka 2013 mahakama iliwatia hatiani baadhi yao na kuwapa adhabu ya faini au kifungo. DECI haikuwa na programu ya simu wala sarafu, lakini muundo wake ni uleule.

### OneCoin

OneCoin ilianzishwa mwaka 2014 na Ruja Ignatova, kutoka Sofia, Bulgaria. Iliuza "vifurushi vya elimu" vilivyoambatana na sarafu, na wanachama walilipwa kamisheni ya ngazi nyingi kwa kuuza vifurushi kwa wengine. Sarafu yenyewe haikuwa katika blokucheni yoyote ya kweli, yaani daftari la pamoja ambalo kila mtu anaweza kulikagua. Bei ilipangwa na kampuni na kuonyeshwa kwenye tovuti yake.

OneCoin ilifika Uganda na kupata wafuasi wengi. Benki Kuu ya Uganda iliwatahadharisha wananchi juu yake mwaka 2017. Oktoba mwaka huohuo Ignatova alipanda ndege kutoka Sofia kwenda Athens na hajaonekana hadharani tangu hapo. Mwaka 2022 shirika la FBI la Marekani lilimweka katika orodha yake ya watu kumi wanaotafutwa zaidi. Mwanzilishi mwenzake, Karl Sebastian Greenwood, alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mjini New York mwaka 2023. Waendesha mashtaka wa Marekani walikadiria kwamba watu duniani kote walitoa zaidi ya dola bilioni 4. Mwaka 2019 shirika la BBC lilitangaza mfululizo wa vipindi kuhusu mkasa huo, na watangazaji wake walifika Uganda kuzungumza na walioathirika.

### Dunamiscoins

Kampuni ya Dunamiscoins ya Kampala ilikusanya fedha za wananchi mwaka 2019 kwa ahadi ya faida kubwa katika muda mfupi. Desemba mwaka huohuo ofisi zake zilifungwa ghafla. Maelfu ya watu, wengi wao vijana, walipoteza akiba, na baadhi ya wakurugenzi walikamatwa na kushtakiwa.

### LBL

Mwanzoni mwa mwaka 2025 mpango uliojulikana kama LBL ulienea katika miji ya Tanzania. Washiriki waliweka fedha na kuahidiwa malipo ya kila siku kwa kutazama vipande vya filamu kwenye simu. Februari mwaka huo Jeshi la Polisi liliwakamata watu waliohusishwa nao katika mikoa kadhaa, ikiwemo Dar es Salaam. LBL haikuuza sarafu ya kidijitali, lakini inaonyesha kwamba vazi hubadilika kila mara: jana mbegu, leo sarafu, kesho filamu.

### Mfano kutoka nje: BitConnect

BitConnect ilikuwa na sarafu halisi iliyouzwa sokoni, tofauti na OneCoin. Iliwaahidi watu faida kutoka kwa "roboti" ya biashara na kuwalipa kamisheni wanaoleta wengine. Januari 2018 ilifunga huduma yake kuu na bei ya sarafu ikaporomoka karibu yote kwa muda mfupi. Serikali ya Marekani ilikadiria hasara ya dola bilioni 2.4. Somo lake ni kwamba kuwepo kwa blokucheni ya kweli hakuufanyi mradi kuwa wa kweli.

## Mikataba janja na dai la "hakuna mwenye mradi"

Miradi mingine hujitetea kwamba haina mkurugenzi wa kukimbia na fedha, kwa kuwa malipo hufanywa na mkataba janja, yaani programu iliyowekwa kwenye blokucheni na inayojiendesha bila mtu kuigusa. Forsage, iliyoanza mwaka 2020, ilijitangaza hivyo. Mwaka 2022 Tume ya Dhamana ya Marekani (SEC) iliwashtaki watu 11, waanzilishi pamoja na watangazaji, ikisema kwamba mpango huo ulikusanya zaidi ya dola milioni 300 na ulikuwa piramidi.

Dai la mkataba janja lina ukweli nusu. Programu inaweza kweli kugawa fedha bila upendeleo. Lakini haiwezi kutengeneza fedha isiyokuwepo. Inachofanya ni kuiendesha hesabu ya ngazi kwa uaminifu kamili hadi inapokwama.

## Sheria

Nchini Tanzania, kuendesha mpango wa piramidi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na kupokea amana za umma bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006. Makosa hayo hayategemei kama kilichopokelewa ni noti, fedha za simu au sarafu.

Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwamba sarafu za kidijitali si fedha halali nchini na kuwataka wananchi wajihadhari nazo. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ianze kujiandaa kwa mabadiliko ya teknolojia hiyo. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Baadhi ya watangazaji wa miradi hutumia kodi hiyo kudai kwamba "serikali imeruhusu". Kutozwa kodi si leseni. Kodi hutozwa kwenye mapato, wala haithibitishi kwamba mradi fulani ni salama au umesajiliwa kupokea fedha za watu.

Nchini Kenya, Benki Kuu ilitoa tahadhari kuhusu sarafu hizi mwaka 2015, na mwaka 2025 nchi hiyo ikapata sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali.

Katika nchi nyingi kipimo cha piramidi kinafanana. Nchini Marekani kilielezwa katika shauri la Koscot la mwaka 1975: ni piramidi ikiwa mshiriki analipa ili apate haki ya kuuza, pamoja na haki ya kulipwa kwa kuandikisha wengine, bila malipo hayo kutegemea bidhaa kuuzwa kwa mtumiaji wa mwisho.

## Wajibu wa mwalikaji

Mwalikaji huweza kujiona kama mteja wa kawaida, lakini sheria na jamii humwona kwa namna nyingine. Katika kesi za BitConnect na Forsage walioshtakiwa hawakuwa waanzilishi tu. Walikuwemo pia watu waliolipwa kwa kutangaza. Glenn Arcaro, aliyekuwa mtangazaji mkuu wa BitConnect nchini Marekani, alihukumiwa kifungo cha miezi 38 mwaka 2022.

Kwa mwalikaji wa mtaani, hukumu ya kwanza hutoka nyumbani. Mradi unapofungwa, mwenye tovuti hayupo na namba yake haipatikani. Aliyepo ni shemeji, mwalimu, mama wa kikoba au jirani aliyetuma kiungo, na kwake ndiko watu watakakobisha hodi. Mara nyingi naye amepoteza, kwa sababu alirudisha faida yake ndani ya mradi. Kamisheni yake ilikuwa sehemu ndogo ya kile walichoweka aliowaleta, ila lawama anaibeba nzima. Ndiyo maana fedha si hasara pekee ya mipango hii: vikoba huvunjika, ndugu huacha kusalimiana, na wito wa mchango wa haki hukosa wa kuuitikia.

## Namna ya kupima mradi

Maswali yafuatayo humsaidia msomaji kutofautisha zawadi ya kawaida ya mwaliko na piramidi:

- Kama zawadi za mwaliko zingefutwa leo, je, kuna mtu angeendelea kuitumia huduma hii?
- Zawadi inalipwa mwalikwa anapotumia huduma, au anapoingiza fedha tu?
- Je, ni lazima mwalikaji alipe kwanza ndipo aruhusiwe kualika?
- Malipo yana ngazi ngapi, na je, yanakua kwa kadiri mtu anavyoweka fedha nyingi zaidi?
- Je, mradi unaahidi faida ya kiwango kilekile kila siku, ilhali bei za sarafu hupanda na kushuka?
- Je, sarafu inauzwa katika soko lisilomilikiwa na mradi wenyewe?
- Je, mshiriki anaweza kutoa mtaji wake wote wakati wowote, bila kuambiwa alete watu kwanza au alipe "kodi ya kutolea"?
- Nani anawajibika, yuko wapi, na ana leseni ya mamlaka gani?

Sharti la kuleta watu kabla ya kutoa fedha na sharti la kulipa ili ulipwe ni dalili kubwa kuliko nyingine zote. Kwa kawaida hutokea wiki za mwisho, mradi unapojaribu kuvuta fedha za mwisho kutoka kwa wale walioanza kuwa na wasiwasi.

Baada ya mradi kufungwa, huzuka watu wanaodai wanaweza kurudisha fedha zilizopotea kwa kulipwa ada kidogo mapema. Huo nao ni utapeli, na hulenga orodha ileile ya watu waliokwisha kuumizwa. Muamala uliothibitishwa kwenye blokucheni hauwezi kufutwa. Hatua inayofaa ni kutunza kumbukumbu za miamala, namba za simu na jumbe zote, kisha kutoa taarifa polisi mapema na kuwajulisha wale uliowaalika waache kuongeza fedha.